Kutoka Ugweno Hadi Kisiwani Kuitafuta Oili ya Baba Mdogo

Niliondoka nyumbani kwa sababu baba mdogo aliniita mwizi mbele ya watu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, watu bado wanashikana mikono, yeye akasema kwa sauti ya kutangaza, "Huyu kijana anauza oili yangu." Oili yenyewe ni ya pikipiki anayonipa niendeshe, ninayobebea ndizi na abiria kutoka kwetu Ugweno kushuka Mwanga. Kila wiki ananunua chupa, kila wiki naimimina yote kwenye injini, na kila wiki injini inataka tena. Kwa akili zake, injini ya silinda moja haiwezi kunywa hivyo, kwa hiyo mnywaji ni mimi.

"Mpaka Jumamosi," akaniambia. "Uniletee jibu oili inakwenda wapi, au uniletee ufunguo."

Baba mdogo ni fundi mwashi. Kuta zake hazijawahi kupinda, na ukikaa naye dakika tano atakuwa ameshakwambia. Kila anakokwenda amebeba pima maji, kile kibao chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani. Anakiamini kile kibao kuliko binadamu yeyote, na mimi nadhani niko mwisho kabisa wa foleni ya binadamu anaowaamini.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipima oili uani kama alivyonifundisha mwenyewe. Kwetu hakuna mahali pasipo na mteremko. Hata uwanja wa mpira wa shule una goli la juu na goli la chini, na timu zinagombania kuanzia juu. Kwa hiyo pikipiki unaiegemeza kwenye stendi ya pembeni, unaweka jiwe chini ya tairi isikukimbie, unafungua kifuniko chenye kijiti, unafuta, unachomeka, unachomoa. Kijiti kikatoka kikavu. Nikaongeza robo chupa, nikapiga kiki. Ukatoka moshi wa bluu mpaka kuku wakahama.

Mama mdogo Namsifu, mke wa baba mdogo, alikuwa anafagia. Akasimama na fagio lake.

"Mwanangu, unakwenda kwa fundi au unakwenda kurina asali?"

"Kwa fundi, mama mdogo. Nitarudi na jibu."

"Rudi na pikipiki pia. Unamjua baba yako."

Saa mbili na nusu, Lembeni. Fundi Hamisi anakaa kando ya lami, kwenye kiti cha basi kilichong'olewa. Aliponiona natokea, kabla sijazima injini, alishamaliza uchunguzi.

"Ringi hizo, dogo. Pistoni inapitisha oili. Iache hapa, tuchonge bloku, tuitie pistoni mpya, uje wiki ijayo."

"Hujaigusa, fundi."

"Nimeuona moshi."

"Moshi wa bluu unaweza kuwa ringi, unaweza kuwa kitu kingine. Unatofautishaje?"

Akaniangalia kuanzia viatu. "Umeishia darasa la ngapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi nenda kaifungue kwa cheti."

Vijana waliokuwa pale wakacheka sana. Nami ningecheka, lakini nilikuwa nimebakiwa na siku mbili tu za kuitwa binadamu mwaminifu. Nikapiga kiki, nikawaachia moshi wao.

Saa tano, Same mjini. Huyu wa pili ameandika ukutani "Daktari wa Pikipiki" na anavaa koti jeupe, yaani lilikuwa jeupe. Nikiri kwamba yeye alimgusa mgonjwa. Alitoa plagi, ilikuwa nyeusi na imelowa oili. Akairudisha, akasukuma kiki kwa mkono taratibu, ikamgomea. "Mgandamizo upo," akasema. "Ringi nzima. Nani alikwambia ringi?"

"Fundi wa Lembeni."

"Lembeni kuna mafundi?" Akanituma niende lami, nikimbize, niachie mafuta, halafu nifungue ghafla. Nikafanya. Moshi ukatoka wingu zima, akapiga makofi kama mtu aliyefunga goli. "Sili za valvu zinavujisha oili! Tunafungua kichwa cha injini sasa hivi."

"Na tukifungua tukakuta siyo sili?"

"Tukishafungua ndiyo tutajua."

Sijasomea udaktari, ila daktari anayempasua mtu ili ajue kama anaumwa, mimi namwogopa. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri pikipiki yake akaniambia Kisiwani kuna fundi anaitwa Rajabu, ana kifaa cha kupima injini bila kuifungua. Nikaweka stendi ya pembeni, nikapima oili haraka haraka, kijiti kikavu, nikaongeza robo nyingine, chupa ikaisha. Njia ya Kisiwani ni vumbi, milima iko kulia na mbuga kushoto, na kila nilipopita ng'ombe walinigeuzia mkia.

Saa tisa alasiri, Kisiwani. Rajabu hayupo. Amekwenda Gonja harusini, atarudi Jumamosi. Nilisimama mbele ya karakana yake iliyofungwa, nikalipiga teke kufuli. Jirani yake ni mashine ya kusaga, na mwenye mashine akatoka mlangoni, mama wa makamo, unga mpaka kwenye nyusi. Watu wanamwita Mama Zuhura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima hicho kitu, unga wa watu utanuka moshi. Na hilo kufuli limekukosea nini?"

"Rajabu anarudi Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Kaa basi unieleze unavyokufa."

Nikamweleza nikiwa nimesimama: kanisani, baba mdogo mwashi, chupa za oili, ringi, sili. Alisikiliza huku anakung'uta chekecheo. Wale mafundi wawili walitazama pikipiki inafanya nini. Huyu akauliza mimi nafanya nini.

"Oili unaipimaje?"

Nilikasirika kidogo. Nikamwonyesha. Stendi ya pembeni, fungua, futa, chomeka, chomoa. Kikavu. Mama Zuhura akacheka mpaka unga ukamdondoka usoni.

"Mtoto wa mlimani! Chai ikiwa kwenye kikombe ulichokiinamisha kushoto, ukichungulia kulia utaiona?"

Akanionyesha injini ya mashine yake ndani. Nayo ni ya silinda moja, ya dizeli, imesaga tangu enzi za marehemu mumewe. "Hii sakafu ya saruji ilipigwa sawa kabla injini haijafika. Unadhani ni urembo?"

Pikipiki yangu ina stendi ya kati, ila haijawahi kushushwa tangu inunuliwe. Kwetu ukiiweka pikipiki kwenye stendi ya kati, itashuka Mwanga bila dereva. Ilikuwa imeshika kutu, tukaigonga kwa nyundo mpaka ikakubali. Tukaisimamisha wima kwenye sakafu yake.

"Haya, kaa."

"Nikae wapi? Tupime."

"Oili ipo juu huko imetapakaa. Iache ishuke. Dakika kumi."

Nilisimama mara mbili. Mara zote mbili alinyoosha kidole kwenye gunia la mahindi, nikarudi kukaa. Zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko barabara yote ya vumbi. Ndipo akaniruhusu kuchomeka kijiti. Kikatoka kimelowa kupita alama ya chini, kupita alama ya juu, mpaka karibu na kifuniko.

"Hii haili oili," akasema Mama Zuhura. "Hii imezama."

"Mbona naongeza kila siku na haifuriki?"

"Inatapika. Fungua hapo kwenye chujio la hewa."

Kuna mpira mmoja unatoka kwenye injini unaingia kwenye boksi la chujio, ndiyo pua yake ya kupumulia. Nilipofungua boksi, sponji lilikuwa linachuruzika, na chini yake dimbwi. Oili ikizidi, injini inaichapa, inaisukumia kwenye ule mpira, inaingia kwenye chujio, inavutwa pamoja na hewa, inaungua. Ndiyo moshi. Nami nikiuona moshi naongeza oili.

"Mwizi wako huyu hapa," akasema. "Mfunge pingu."

Tukapunguza oili taratibu kwenye chupa yangu tupu, mpaka kijiti kikalowa katikati ya alama mbili. Chupa ilijaa. Sponji tukaliosha kwa mafuta ya taa, tukalianika juani, plagi tukaisugua. Nilipopiga kiki ilitoa moshi kidogo, ikakohoa, halafu ikatulia. Nikalala kwa kaka yake Mama Zuhura, asubuhi nikaja kumuaga.

"Mwambie huyo fundi mwashi wenu," akasema, "akitaka kujua maana ya sakafu aje kusaga kwangu."

Ijumaa, saa nne, Same. Nikaisimamisha pikipiki wima kwenye lami, nikasubiri dakika kumi, nikapima. Oili haijashuka hata unywele. Daktari wa Pikipiki akauliza nani kafungua kichwa. Nikamwambia hakuna, ni mama wa mashine ya kusaga. Akageuka akaendelea kufuta spana iliyokuwa safi. Lembeni Fundi Hamisi akapiga kelele, "Umeshachonga?" Nikapiga honi tu, hakukuwa na moshi wa kumwachia.

Saa tisa alasiri, nyumbani. Baba mdogo alikuwa uani. Nikampa chupa.

"Oili yako hii. Ilikuwa ndani ya injini muda wote."

Hakuipokea. Akaegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, akafungua kifuniko, akafuta kijiti, akachomeka, akachomoa. Kikavu. Akaniinulia usoni.

"Umeniletea chupa moja. Nyingine umeuza."

"Baba mdogo, hapa ni mteremko."

"Mteremko umeanza leo? Lete ufunguo."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni. Mama mdogo Namsifu ndiye aliyeongea, kutoka mlangoni. "Sukuma iingie sebuleni."

"Pikipiki? Sebuleni kwangu?"

"Kwani kuna mahali pengine palipo sawa hapa?"

Akakunja zulia, akavuta viti. Nikaipitisha mlangoni, nikaishusha kwenye stendi ya kati, nikakaa chini. Baba mdogo akauliza ninangoja nini. Nikamwambia dakika kumi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu mwingine chumbani ndiye aliyekosa subira. Zilipoisha nikampa kijiti achomeke mwenyewe. Kikatoka kimelowa katikati ya alama mbili.

Alikitazama. Akakifuta, akarudia. Palepale.

"Hii sakafu haiko sawa," akasema.

Mama mdogo akaingia chumbani, akarudi na pima maji, akaiweka kwenye sakafu karibu na tairi na kusogea pembeni. Sakafu ile baba mdogo aliipiga mwenyewe, na kila mgeni anaoneshwa. Kiputo kikatembea kidogo, kikasimama katikati.

Aliinama akakiangalia muda mrefu. Aligeuza kibao upande wa pili. Kiputo kikarudi katikati.

"Sakafu iko sawa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, na hakuomba tena ufunguo.

Mimi nimejifunza kukaa dakika kumi, maana mwezi mzima nimezamisha injini kwa haraka zangu. Kijiweni kwetu pikipiki zote zinafuka moshi na karibu zote zimeshachongwa bloku. Nimewaeleza wenzangu, wamenicheka, wameongeza oili. Jumapili baba mdogo alisimama kanisani baada ya ibada, akatangaza kwamba oili imepatikana. Hakusema ilikuwa wapi. Lakini kila asubuhi pikipiki inaingia sebuleni kupimwa, na yeye ndiye anayekunja zulia.