Mshahara Wangu Kwenye Spika ya Zahanati

Chekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana mkinikatisha katikati nitashindwa kuendelea, na aibu yenyewe bado sijaizoea.

Mimi ni nesi wa zahanati, kijiji cha ndani huko ukishuka treni Igalula, Mzaramo niliyepangiwa kazi kwa watani zangu Wanyamwezi (utani wetu wa tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba mizigo hadi kwetu pwani), na siku ile ilikuwa kliniki ya watoto, akina mama wamejaa hadi nje, kwa hiyo nikabana maiki ndogo kwenye kola ili somo la uji wa lishe liwafikie wote kupitia spika ya barazani. Simu ikaita. Alikuwa Zuhura, niliyesoma naye sekondari, mwenye shahada yake ya uuguzi, yuko hospitali binafsi Dar. Nikasema dakika moja tu, nikaingia stoo ya dawa na kufunga mlango (mlango nilifunga, maiki sikuzima).

Basi nikamwaga yote. "Shoga, usinitajie mshahara wako, utanipandisha presha! Sisi wa serikali ngazi ni zilezile nchi nzima, mwenye cheti kama mimi yuko chini, stashahada juu yake, shahada juu zaidi, lakini aliye mjini jioni anapata na kibarua hospitali nyingine, mimi huku nina nini, karanga? Naomba uhamisho, mwaka huu siumalizi hapa. Mwenyekiti wa kijiji ana meno mawili tu, lakini kwa kula nyama ananishinda!"

Nikasikia kicheko nje, nikadhani mtoto kakojolea mizani, nikaongeza na mengine ambayo leo siyarudii.

Nilipotoka, macho yote kwangu. Mbele kabisa, mjukuu mapajani, kakaa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Kapela.

"Shikamoo, mzee," nikasema, na spika nayo ikasema shikamoo.

"Marahaba, mtani," akajibu, akatabasamu, nikayaona yote mawili.

Baada ya siku chache akaniita kwenye mkutano wa kijiji. Nilijua nashtakiwa, na nilishaanza kufunga mizigo kichwani (uhamisho niliutaka, lakini si wa kufukuzwa). Mzee Kapela akasimama.

"Ndugu zangu, babu zetu walibeba pembe za ndovu hadi kwa Wazaramo, wakarudi wamechoka. Leo Mzaramo kaja kwetu analia njaa! Tumfanyeje?"

"Tumlishe!" wakaitikia, wakaanza kuleta, kuku waliofungwa miguu, asali, mchele, karanga (ndiyo, karanga, debe zima), kila mmoja na kejeli yake, na mimi katikati nimesimama kama bibi harusi aliyekimbiwa na bwana.

Mama Kulwa peke yake hakunitania. Huyu nilimzalisha mapacha wakati mvua imekata barabara na gari la wagonjwa halipiti. Akanishika mkono.

"Nesi, tumesikia unataka kuhama. Kama ni cheti ndicho kinachokubana, nenda kasome. Ila urudi. Kulwa na Doto wangepokewa na nani?"

Nikalia palepale mbele ya kijiji kizima, kuku mkononi.

Nilienda, nikasoma stashahada, nikapandishwa ngazi (sijamfikia Zuhura, tusidanganyane), nikarudi kwa hiari yangu. Nawashukuru watu hawa mno, maana walinisikia nikiwasengenya, wao wakashika shida yangu na matusi wakayaacha. Siku hizi simu ikiita naivua maiki, naiweka mezani mbele ya akina mama wote, ndipo napokea. Na kila nikichinja kuku namwita Mzee Kapela, na nyama yake naichemsha hadi iachie mfupa.