Mkono wa Maalim Langoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tulipofanya zoezi hospitalini, hapa kisiwani. Tulijiandaa kwa ugonjwa wa kuambukiza ambao ungeweza kushuka na meli Kilindini, au hata kusambazwa makusudi na watu wabaya. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzijuzi. Nilipewa lango: nimsimamishe kila anayekuja, asiguswe na yeyote kabla hajavaa barakoa nami sijavaa glavu. Sista Mueni, msimamizi wetu, alisema nikishindwa siku ya zoezi, siku ya kweli sitawekwa hapo. Nami nilikuwa nimewaza kila kitu, hata upepo utavuma kutoka wapi.

Mgonjwa wa kujifanya akaja. Kumbe ni Maalim Athmani, aliyenisomesha madrasa Mji wa Kale. Akaninyoshea mkono.

Nikawaza: nisipoupokea, watu watasema kisomo kimenilewesha. Nikimwambia asubiri, nitakuwa nimemfukuza. Bado nawaza, nimeshainama nimeubusu. Nikamfungulia mlango, nikamvutia kiti, nikamwomba muuguzi amletee maji.

"Wewe, umetoka kula biriani?" Karisa, mlinzi wetu, aliniuliza huku akicheka.

Kiganja cha Maalim kilikuwa kimepakwa manjano, yawe badala ya vijidudu. Sasa yalikuwa midomoni mwangu, kwenye kitasa, kwenye bilauri, na mikononi mwa yule muuguzi aliyekwisha kushika njia ya wodi ya watoto wachanga. Kicheko kikakatika.

Maalim hakupaza sauti. "Mimi umeniheshimu, mwanangu. Na wale wachanga ungewaheshimu kwa kitu gani? Kwa sanda?"

"Nisamehe, Maalim."

"Nilikupa mkono makusudi. Nilijua utaona haya."

Sista akanitoa langoni mbele ya wote. Nilijifuta midomo kwa mkono wa koti, rangi ikazidi kuenea. Hadi leo nikinusa manjano jikoni, uso huniiva.

Sasa lango lile ni lako, mwanangu. Akija mzee umpendaye, weka mkono kifuani, msalimie kwa sauti, na umsimamishe kule kule mbali. Liamue hilo leo, ungali nyumbani, maana mkono wake ukishanyoshwa hutapata nafasi ya kuwaza. Mungu akupe macho makavu siku hiyo, na awape wazee wetu moyo wa kukuelewa. Amina.