Maneno Aliyomwandikia Baba

Joyline Owuor ana saiba ndogo mtaani Rhonda, kompyuta tatu na printa moja. Watu humwendea na mambo yaliyowashinda: ripoti ya ushuru, cheti cha kuzaliwa, barua ya kuomba kazi. Wengi hawajui waanzie wapi. Wanakaa kwenye stuli, wanaeleza kidogo, naye anawaandikia. Mtu akimwambia, "Nilikuwa tu nauza mitumba," yeye hulipanga jambo hilo kwa maandishi mpaka likasimama.

Baba yake, Mzee Owuor, ni mtu wa maneno machache. Alifanya kazi miaka ishirini na minne katika kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipofungwa akajifunza kuchomelea vyuma kwenye banda la jua kali, katika ploti aliyokodishwa na Kimaiyo. Kazi yake ilikuwa mageti na madirisha. Oda zikipungua, alichukua springi, minyororo na giaboksi zilizokufa, ambazo madereva wa malori walimletea kutoka kituo chao cha Salgaa, akaziunganisha zikawa watu. Watu wa kimo kamili. Walifika kumi na mmoja, wamesimama nyuma ya banda wakinyeshewa. Wateja waliwacheka, kisha wakasogea kuwatazama kwa karibu. Yule aliyeinamisha bega la kushoto Joyline alimtambua: Dalmas, mwenzake baba aliyeumizwa na mashine, ambaye zamani alikuwa akipitia kwao siku za mshahara. Baba hakuwahi kumwambia hivyo.

Mwaka jana Kimaiyo aliuza ploti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akakaa chini, akaeleza kuwa mnunuzi anataka kujenga nyumba za kupangisha na pawe wazi kabla ya Agosti. Banda lingehamia popote, lakini wale watu wa chuma hawakuwa na pa kwenda. Mzee aliishi chumba kimoja, na chumba cha Joyline kilikuwa kimejaa watoto.

Ndipo Joyline akaona tangazo kwenye simu. Kule Subukia, katika nyumba ya shamba la zamani la mzungu, palikuwa na makao ya wasanii. Aliyechaguliwa angekaa miezi mitatu, alale na kula bure, apewe karakana na vyuma, na kazi zake zihifadhiwe ghalani huku zikitafutiwa wanunuzi. Gharama zote zililipwa kwa michango ya wahisani. Alipomwambia baba, Mzee akasema, "Jaza tu," akarudi kwenye geti lake.

Fomu iliuliza: kwa nini unafanya sanaa hii? Joyline alimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza Mzee akasema hajui. Mara ya pili akasema, "Chuma kinabaki, kinaniangalia." Joyline akaona hayo hayatoshi, na siku zilikuwa zimebaki tatu. Akaandika kurasa mbili kwa sauti ya baba, kuhusu wenzake ambao majina yao hayakuandikwa popote siku kiwanda kilipofungwa. Alilia akiandika. Akatuma pamoja na picha.

Wale wa makao walimjibu kwa furaha. Mzee alikuwa miongoni mwa watano waliobaki kwenye mchujo, na walitaka kuongea naye kwa video. Siku hiyo alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani. Joyline alikaa kando, mahali kamera haikufika. Upande wa pili walikuwapo msimamizi wa makao, aliyeitwa Becky, na wahisani wawili wageni aliokuwa akiwatafsiria. Becky alisema barua ile iliwagusa wote, mmoja wa wahisani alikuwa ameisomea familia yake. Kisha akasoma mstari mmoja.

"'Naanza na mikono, kwa maana sura hubadilika, lakini mkono wa mfanyakazi haudanganyi.' Tuelezee hapo, Mzee."

Mzee Owuor alishika ukosi wa koti lake. Joyline aliandika jibu haraka kwenye karatasi, akaiinua juu ya kompyuta. Baba aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akarudisha macho mbele.

"Hayo maneno si yangu, madam," akasema. "Ni ya huyu mtoto wangu. Mimi huwa naanza na miguu, ndio kitu kisimame."

Joyline aliingia kwenye kamera akasema ni yeye aliyeandika, lakini kazi ni ya baba, yote. Becky akasema anaelewa.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Masharti ya wahisani yalitaka maelezo yatoke kwa msanii mwenyewe. Walimsifu Mzee, wakamkaribisha kuomba tena mwaka unaofuata. Joyline aliandika kuomba radhi mara tatu. Mwishowe Becky alimpigia simu, akasema amejaribu kumtetea, lakini wahisani waliogopa kwamba wakilegeza kwa mmoja hawatajua tena waamini barua ya nani. Joyline alitafuta mtu wa kumlaumu, asimpate ila yeye mwenyewe.

Mzee hakukasirika. Jumapili moja aliomba asomewe ile barua. Joyline alimsomea yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtu ni mzuri," akasema. "Ningekuwa wao, ningemchukua."

Mwezi wa saba walizunguka kuwatafutia wale watu wa chuma mahali. Kanisa lilipokea sanamu mbili, kisha likazirudisha kwa kuwa watoto walikuwa wakiziogopa. Ofisi ya utamaduni iliandika namba yao ya simu, isiwapigie. Mwishowe ukaja mkokoteni wa mnunuzi wa skrepa, vyuma chakavu, naye akasema mizani yake haichukui kitu kizima. Mzee hakukubali mtu mwingine awaguse. Aliwasha mtambo akawakata mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, asubuhi nzima. Joyline alisimama pale. Hakukuwa na kitu cha kumsaidia kushika.

Januari tangazo lilitoka tena. Joyline alimpelekea baba simu huko Kaptembwo, ambako sasa anachomelea madirisha katika banda la mtu mwingine.

"Safari hii utasema mwenyewe, Baba," akamwambia. "Mimi niandike tu vile unasema."

"Nitawaonyesha nini?"

"Picha ziko."

Mzee alizitazama zile picha moja moja. "Wataniuliza hawa watu wako wapi," akasema, akamrudishia simu.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilipita, nao hawakutuma. Joyline alikuwa saibani, akimjazia mama mmoja fomu ya basari ya karo ya mtoto.