Kadi ya Modemu Iliyompigia Jirani

Mwishoni mwa miaka ya tisini dada yangu, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, alikuja nyumbani kwetu mtaa wa Shika Adabu na laptopu kuukuu na kadi ya modemu, ile ya kuiunganisha kompyuta na waya wa simu, nyembamba kama biskuti. Ndani ya mashine alikuwa ametia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ambao mtu huruhusiwa kuufungua na kuurekebisha mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea, kompyuta sizijui, lakini kusoma kwa sauti nilikuweza. Nikawa namsomea maelekezo, naye akiandika.

Kila alipochomeka kadi, mashine ililia mara mbili. Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba: kadi imetambuliwa. Wa pili ulikuwa mzito: draiva, ile programu ya kuiendesha kadi, imeshindwa kuiwasha. Tulichomeka na kuchomoa asubuhi nzima. Mama, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, akaizoea milio ile kutushinda.

"Yakataa bado," alisema bila kugeuka, nasi tukaangua kicheko.

Baada ya adhuhuri nikafika mahali palipoandikwa kwamba vifaa viwili vikigombea namba moja ndani ya mashine, kimoja hakitawaka. Dada akanishika mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akachungulia, akakuta draiva inaipa kadi namba ambayo kipanya kilikuwa kishaichukua. Akaikataza isiiguse namba ile, akachomeka tena.

Milio miwili, yote myembamba.

"Yakubali," Mama akasema, akainuka na nazi yake mkononi.

Hatukuwa tumejiunga na mtandao, basi tukaunga waya wa simu, dada akaiamuru modemu impigie jirani. Ikaita, halafu ndani ya laptopu ikatoka sauti ya jirani yetu: "Haloo? Nani mwenzangu?"

Mashine haikuwa na kinasa sauti cha kumjibia. Mama akamjibu hata hivyo, akamwamkia huku ameinamia kibodi. Mimi nilikuwa sakafuni, mbavu zaniuma.

Jirani akaja kulalamika kwamba simu yake imeingiwa na wazimu. Tulipomweleza, akaielekezea kidole ile kadi.

"Sauti yangu imetoka humo?"

"Humo humo, shangazi," dada akasema.

"Basi nipigieni tena."

Akajifunga leso vizuri, akarudi kwake mbio. Safari hii hakuuliza nani. Alituambia alichopika, akatuambia nani kajifungua, mpaka modemu ikachoka kungoja mlio wa modemu mwenzake, ikakata, nasi tukampigia tena.