Mama Fufua na Laptopu Kumi na Mbili za Ariwara

Laptopu yako ikifa ukiwa hapa Arua, usianze kulia. Uliza Mama Fufua anakaa wapi, na hata muuza nyanya atakunyooshea kidole: pale, nyuma ya soko, kibanda cha buluu chenye meza moja na nyaya zilizorundikana mpaka dirishani. Humo ndani utamkuta Zam, Mnubi wa Koboko, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na maneno mengi kuliko dalali. Jina la Mama Fufua alipewa na wateja. Mumewe Siraji, fundi cherehani anayeshona kibanda cha pili yake, halipendi hata kidogo.

"Kufufua iko kazi ya Mungu peke yake," humwambia.

"Basi mimi nawaamsha tu," Zam hujibu bila kuinua kichwa. "Hizi haikufa, Siraji. Iko lala."

Na ukweli ni kwamba hakuzaliwa fundi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpigachapa wa wakili mmoja kule Arua Hill. Kupiga chapa alifundishwa na Mwalimu Ondoga, mzee mkali ajabu, ambaye aliwafunika wanafunzi wake mikono kwa kitambaa ili wasione vitufe. "Macho kwenye karatasi! Vidole vitaijua njia vyenyewe!" Ukichungulia, rula inakushukia. Wenzake walilia, Zam akahitimu wa kwanza. Alifika mahali akawa anaongea na mgeni, anamtazama usoni, anamuuliza habari za watoto, na huku vidole vinaimaliza barua. Watu walikuwa wanaitwa kutoka ofisi nyingine waje kumwona. Alijivunia sana jambo hilo, na nisikufiche, mpaka leo anajivunia.

Wakili alipostaafu, ofisi ikafungwa, na Zam akapewa laptopu ya ofisi iwe asante. Asante gani hiyo! Ukiiwasha asubuhi, unapika chai, unakunywa, unaosha kikombe, yenyewe bado inafikiri. Mwisho ikagoma kabisa. Kijana mmoja wa mtaani, Fadhul, aliyekuwa anasomea ufundi, akamletea flashi ndogo na kumwambia, "Aunti, chomeka hii. Inaitwa Linux. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, ni wa bure, na hauna makuu. Hata mashine kikongwe inaubeba." Zam akachomeka bila matumaini. Kabla hajamaliza kujifunga mtandio wake vizuri, kioo kikawaka, kikang'aa, mshale ukaanza kukimbia huku na huku. Alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka na fimbo wakidhani ni mwizi.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna mashine aliyoikatia tamaa bila kuichomekea flashi kwanza.

Sasa, mwaka jana, Jumatatu asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Jenifer, waliyesoma naye darasa moja, sasa mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya wasichana huko Koboko.

"Zam, ndugu yangu, mkaguzi wa mitihani anakuja Ijumaa saa nne. Asipokuta kompyuta kumi zinazofanya kazi, anatufuta kwenye mtihani wa kompyuta. Nina wasichana thelathini na mmoja. Wamelisoma somo hili miaka mitatu! Wakifutwa sasa, hawana somo jingine la kushika, wamechelewa."

"Wewe iko na ngapi?"

"Moja. Na hiyo, panya wamekula waya."

Zam alicheka, kisha akaacha, maana alisikia mwenzake hacheki. Aligeuka akatazama chini ya meza. Wiki ileile Yangi, mchuuzi wa Ariwara upande wa Kongo, alikuwa amemletea laptopu kumi na nne ndani ya gunia. "Mama, zote zilikuwa ya biro moya," Yangi alimwambia, yaani za ofisi moja ya kule kwao. "Zimechoka, lakini roho iko." Zam alikuwa hajaigusa hata moja.

"Jenifer," akasema, "waambie wasichana wako wafagie darasa. Ijumaa nakuja."

Akakata simu, na hapo ndipo akaanza kuhesabu. Siku nne! Laptopu kumi na nne ambazo hata hajui kama zinawaka! Lakini huyo ndiye Zam, mdomo hutangulia, mikono inafuata mbio.

Ah, laiti ungekiona kibanda kile wiki hiyo! Ya kwanza iliwaka ikazima. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaichomekea flashi, ikaamka. Ya pili ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, hivyo akamtoa marehemu mmoja ramu yake akampa aliye hai. Ya tatu haikutaka shida, iliamka mara moja kama askari. Siraji, yeye aliyesema kufufua ni kazi ya Mungu, kufika Jumatano aliacha suti ya bwana harusi kwenye cherehani, akashika kitambaa na spiriti, akawa anafuta vioo na kuhesabu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Ya saba, mama! Ya saba iko amka!" Wapita njia walisimama. Wengine walipiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Ili wasichana wasihangaike kukumbuka, mashine zote Zam alizipa neno la siri moja, amka. Kila alipomaliza moja aliijaribu: macho kwenye kioo, kifua mbele, vidole vikagonga mara nne, ta-ta-ta-ta, mashine ikafunguka. Alhamisi adhuhuri zilikuwa kumi na mbili. Mbili zilizobaki zilikuwa zimekwisha kutoa viungo vyao kwa wenzao. Kumi zilitakiwa, yeye kafanya kumi na mbili! Alizunguka akiwasimulia majirani wote. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hiyo Zam alijisifu mwenyewe, hakungoja mtu.

Ijumaa saa tatu Zam alikuwa Koboko. Laptopu zilikuwa zimefungwa kwenye mablanketi, na wasichana walizipokea kwa mikono miwili miwili kama wamepewa vitoto vichanga. Wakazipanga mezani, wakachomeka umeme, vioo kumi na viwili vikawaka pamoja. Darasa zima likasema "Yeeee!" Jenifer alimkumbatia Zam mpaka miwani ikapinda.

Saa nne kamili mkaguzi akaingia. Aliitwa Bwana Candia, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye kalamu moja tu mfukoni. Zam akajisogezea kiti ili amwonyeshe.

"Hapana, mama," akasema mkaguzi. "Fundi nimeshamwona. Nataka kumwona mtahiniwa. Msichana mmoja azifungue zote."

Akaitwa Patience, kiranja wa darasa, msichana mwembamba asiyependa kuongea. Akakaa, akaandika neno la siri herufi kwa herufi kwa kidole kimoja. Mashine ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Ya pili, ikakataa. Ya tatu ikafunguka, watu wakapumua. Ya nne ikakataa. Mpaka anafika ya mwisho, zilizofunguka zilikuwa tatu tu.

"Haiwezekani," Zam akasema. "Nipishe, mwanangu." Akakaa kwenye ya kwanza, ta-ta-ta-ta, ikafunguka. Akaifunga tena, Patience akaandika, ikakataa. Zam akaandika, ikafunguka. Huko nyuma msichana mmoja akafanya alama ya msalaba na mwenzake akasoma bismillahi, maana mashine inayomtambua mwenyewe na kumkataa mgeni, hiyo si mashine ya kawaida.

Bwana Candia hakucheka. "Mama, mtihani huu utaufanya wewe?"

Zam alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Naenda kukagua ukumbi na stoo ya karatasi," mkaguzi akasema. "Nikirudi, nitahesabu zinazofunguka kwa mikono ya wasichana. Nitakachokiona ndicho nitakachokiandika." Akatoka, na Jenifer akamfuata, uso umempauka.

Macho thelathini na moja, mara mbili yake, yote juu ya Zam. Mwanamke aliyejitapa soko zima jana, leo mashine zake zinamkana! Lakini akainama karibu na Patience.

"Andika tena, mama. Polepole. Mimi natazama."

Na kwa mara ya kwanza hakutazama kioo. Alitazama mkono. Kidole cha Patience kikaitafuta A, kikaipata, kikabonyeza. Zam akashtuka. Pale! Pale kidole kilipokwenda, chake hakijawahi kwenda kutafuta A hata siku moja! Akaviinamia vitufe mpaka miwani ikavigusa. A imekaa mahali pa Q. Q imeshuka mahali pa A. M imehama kabisa, imejibanza pembeni ya L.

"Yarabi!" akapiga kelele. "Hii kibodi iko ya Kifaransa!"

Bila shaka! Ofisi ya Kongo ingetumia kibodi gani? Tisa kati ya zile kumi na mbili zilikuwa hivyo. Zam aliziambia zote kwamba vitufe vyake ni vya Kiingereza, kama alivyozoea, kisha akazijaribu kwa vidole visivyojua kuchungulia. Vidole vyake vilibonyeza mahali Mwalimu Ondoga alipovifundisha, na mashine ikatii mahali. Patience alibonyeza herufi iliyochorwa juu ya kitufe, na mashine ikapokea nyingine, huku kioo kikionyesha vinukta tu. Siku nne alizishika laptopu zile, hakuwahi hata mara moja kutazama vitufe vyake!

Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaangua kicheko. "Jini mwenyewe ni mimi! Njooni, njooni hapa!"

Wakamzunguka. "Mashine haina kosa," akawaambia. "Mimi niliidanganya, na yenyewe ikaniamini. Sasa tunaiambia kweli." Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta kibodi, akachagua Kifaransa, akahifadhi, akaizima na kuiwasha upya. Patience akaandika kwa kile kidole chake kimoja. Ikafunguka! Kelele iliyopigwa hapo, nadhani Bwana Candia aliisikia huko stoo.

Zilibaki nane. Zam alitaka kukimbilia ya pili, akajizuia. Akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Patience, fanya wewe. Sema kwa sauti unachofanya, wenzako wasikie."

Patience, yule asiyependa kuongea, akaanza kusema. Mipangilio. Kibodi. Ondoa Kiingereza. Weka Kifaransa. Alipomaliza, msichana mwingine akafanya ya tatu huku anamwelekeza wa nne, na wa nne akamwita wa tano. Zam alizunguka kati yao akiruka kama ana miaka kumi na sita. "Umehifadhi? Hifadhi kwanza! Aaah, vizuri, mwanangu!" Ya sita. Ya saba. Ya nane. Mlango unafunguliwa, na ile ya mwisho ndiyo kwanza inawaka upya.

Bwana Candia akaja moja kwa moja. Akatazama wasichana wakizifungua, mmoja baada ya mwingine. Kisha akakaa mwenyewe kwenye mojawapo, akaandika kwa vidole viwili. Ikafunguka. Akahesabu mpaka kumi na mbili, akatoa kalamu. Halafu, balaa, akasita. Akapitisha kidole juu ya vitufe.

"Hizi ni za Kifaransa," akasema. "Hata namba zimekaa vingine, mpaka ubonyeze vitufe viwili. Kompyuta zinafanya kazi, sikatai. Lakini wasichana hawa wataziweza, na mtihani una saa zake? Ninyi mmejifunzia kibodi gani?"

Jenifer akamgeukia Zam. Zam naye akawageukia wasichana. Ndipo Patience akainuka, akaenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na kipande cha boksi la sabuni kilichofungwa nailoni. Juu yake ilichorwa kibodi nzima kwa kalamu ya wino. Herufi nyingine zilikuwa zimefutika kwa vidole na kuchorwa upya, na zikafutika tena.

"Hii, bwana," akasema. "Miaka mitatu. Tuko thelathini na mmoja, tunapokezana."

Akakiweka kile kipande juu ya meza, kando ya laptopu. Akabonyeza juu ya boksi kwa nguvu, hakuna kitu. Akabonyeza juu ya laptopu, herufi ikatokea.

"Hii inajibu," akasema. "Tutaiweza."

Zam alikuwa hajui kwamba miaka yote hiyo wamejifunzia boksi. Alitazama lile boksi, akaziba mdomo kwa mtandio wake.

Bwana Candia alilishika, akaligeuza upande wenye jina la sabuni, akaligeuza tena. Kisha akaliweka chini taratibu, akavuta fomu yake, akaandika huku anasoma kwa sauti: kompyuta zinazofanya kazi, kumi na mbili; watahiniwa, thelathini na mmoja. Akatia sahihi.

Jenifer alipiga kigelegele kilichotikisa mabati. Zam alitaka kumwitikia, machozi yakamtoka hadharani na wala hakuyafuta. Wasichana hawakumwona. Walikuwa wamekwisha kaa, wawili wawili, watatu watatu kwa kila mashine, wanabonyeza, inajibu, wanabonyeza tena.