Friji ya Afande

Jumamosi moja, katika duka la vifaa vya umeme Kabalagala, nilimkuta jirani yangu, askari polisi, akichagua friji na mkewe. Mke aliinama akasoma kibandiko cha friji ndogo.

"Baba watoto, hii inakula umeme kidogo."

Mume hakutazama. Alikuwa akipigapiga mlango wa friji moja kuukuu, kubwa kama kabati. "Hii ndiyo ya mtu mwenye cheo."

"Kabisa, afande," muuzaji aliitikia upesi.

Wakainunua. Kabla mwezi haujaisha, nilimkuta mke sokoni Ggaba akinunua samaki mmoja. Nikamuuliza habari za friji.

"Tuliichomoa. Ilikuwa inamaliza umeme haraka. Sasa baba watoto anaweka viatu ndani, nami nanunua samaki wa siku moja tu."

Mwanamume huyo aliona aibu kusoma kibandiko, lakini haoni aibu kumtuma mkewe Ggaba kila asubuhi.