Kutafuta Boila

Nimewahi kumiliki gari moja tu lililokwenda kwa stima, nalo liliuawa na neno. Nikilikumbuka bado nakasirika, na naona haya kukiri kwamba hasira yangu sasa ina umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu.

Ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini. Setla mmoja, mkulima wa kizungu wa upande wa Njoro, alikuwa amelileta kutoka kwao ligawe maziwa: sanduku lenye magurudumu, viti viwili, na betri nzito zimepangwa chini ya sakafu. Alipolichoka aliniuzia mimi, mwalimu kijana mwenye digrii ya Kiingereza na imani kwamba digrii hupanda mlima. Kila asubuhi nilitoka nalo lokesheni, mtaa wetu Waafrika, huku chini upande wa ziwa, tukapanda polepole hadi shuleni chini ya mlima Menengai. Wenye baiskeli walitupita.

"Mwalimu, shuka tukusukume!"

"Mwache, amebeba mayai!"

Nilicheka nao. Nililipenda gari lile. Halikunguruma, na nilifika kazini bila suruali kujaa vumbi, jambo ambalo kwa mwalimu si dogo.

Nyumba zetu hazikuwa na stima. Waya zilipita juu ya mabati yetu zikielekea kwa wazungu, kama wageni waliokataa chai. Kwa hiyo nilichaji gari shuleni, kwenye soketi ya karakana, nikiwa darasani. Hadi siku mwalimu mkuu, mzungu, alipojikwaa kwenye waya wangu.

"Soketi hii ni ya serikali," alisema. "Leta barua ya ruhusa kutoka kwa ofisa wa wilaya."

Nilikwenda mbio, kwa sababu betri za namna ile zikiachwa tupu kwa wiki kadhaa hufa, na zikifa hazifufuki.

Ofisa alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili, tena Kiswahili cha pwani cha vitabuni, na hakumpenda Mwafrika anayesema Kiingereza. Nilianza kwa Kiingereza.

"Sema Kiswahili," alinikatiza. "Wewe si Mwingereza."

Digrii yangu ikaingia chini ya meza. "Bwana, naomba ruhusa ya kuchaji gari yangu ya stima."

Aliweka kalamu chini. "Stima ni chombo cha majini."

"Hapa kwetu, Bwana, tunaposema stima—"

"Usinifundishe. Stima huenda kwa mvuke. Gari yako ni ya stima, basi ina boila ya kuchemsha maji. Cheti cha boila kiko wapi?"

Neno alilolitaka nililijua. Umeme. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mama yangu alisema stima, fundi alisema stima, Nakuru yote ilisema stima, hata mpishi wa ofisa huyo huyo, nina hakika. Karani mzee aliyesimama mlangoni alininong'oneza, "Mwalimu, mpe neno lake, twende tukale."

Sikumpa. Niliamini kwamba mwenye haki hana haraka. Ujinga huo niliufuata chuo kikuu, mbali kabisa na nyumbani.

Zilipita wiki mbili kabla mkaguzi wa boila hajafika shuleni, mzungu wa kaptura nyeupe. Alilizunguka gari, akaligonga mbavuni, akalala kwenye nyasi achungulie chini.

"Moshi inatokea wapi?"

"Haina moshi, Bwana."

"Makaa unaweka wapi?"

"Haina makaa. Ni betri tupu."

"Naona ni betri. Nina macho," alisema, akijipangusa magoti. "Lakini nimetumwa kukagua boila."

Akaandika: boila haikupatikana, gari lisiguswe hadi ipatikane.

Nikawa natembea. Wiki ya tatu, wiki ya nne. Kila siku nililipita gari limekaa karakanani kama ng'ombe aliyekataa kusimama, nikijiambia kwamba wao ndio wajinga. Wiki ya sita miguu ilikishinda kiburi changu. Nilirudi ofisini.

"Bwana, gari yangu inatumia umeme."

Uso wake ukang'aa. "Ah, umeme! Sasa hicho ndicho Kiswahili. Mbona hukusema?"

Alitia sahihi papo hapo, akanishauri nisome vitabu zaidi. Nami nikasema, "Asante, Bwana." Mengine yote nimeyasamehe nusunusu. Hiyo asante, hapana.

Nilipanda mlima nusu nikikimbia, nikachomeka waya. Mshale wa kipimo uliinuka kidogo, kama mgonjwa anayeitikia salamu, kisha ukalala. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu niliuchomoa waya mwenyewe.

Wenye baiskeli wale wale ndio walionisaidia kulirudisha nyumbani. Mimi nilikaa kwenye usukani. Kuteremka halikuhitaji kusukumwa. Ilibidi walishike kwa nyuma lisikimbie, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuna aliyetaja mayai. Tulipofika lokesheni, chini ya zile waya, mmoja wao akainama dirishani akipumua kwa nguvu.

"Lakini mwalimu, si walikupa ruhusa?"

"Walinipa," nikasema. "Ninayo mfukoni."